Paneli za Beetle ya mjomba: kwanza tafuta maji yanapita wapi

Gari la zamani likianza kuingiza maji, paneli za milango ndizo husema kwanza. Ubao unavimba chini, kwenye kona iliyo karibu na bawaba. Leza, ile ngozi ya bandia inayofunika ubao, inaachia gundi na kufanya mawimbi. Klipu zinachomoka moja baada ya nyingine, hadi siku moja unafunga mlango na paneli inabaki imening'inia kwenye mkono wa kupandishia kioo. Hapo wengi hukimbilia kwa fundi viti kuagiza paneli mpya, na Masika ikipita wanarudi kwa fundi yuleyule wakilalamika kwamba aliwapa ubao mbovu. Mara nyingi ubao haukuwa na kosa lolote.

Gari ninalolizungumzia ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971, usukani kulia, rangi ya maziwa ambayo siku hizi ni karibu na njano. Ni ya mjomba wangu wa Muheza, mwalimu mstaafu, aliyeinunua kwa padri mmoja wa misheni na kuiendesha mpaka magoti yalipoikataa klachi. Alinikabidhi kwa masharti mawili: nisiiuze, na nisiigeuze gari la kukodisha maharusi. Muheza iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, mvua yake si ya kuuliza, na gari lilikuwa likilala chini ya mkwaju. Huo mkwaju nitaurudia, maana majani yake yamo katika kila shida nitakayoisimulia.

Nilipolifikisha Dar es Salaam, ndani lilinuka kama kisima. Paneli ya mlango wa dereva ilikuwa imepoteza kona nzima ya chini. Ukiigusa ilipukutika unga wa kahawia juu ya kiatu. Ya abiria ilikuwa na afadhali kwa macho tu, kwani ukiibonyeza kidole kilizama. Vibao vya pembeni mwa miguu, vile vinavyofunika ukuta wa mbele ya mlango, vilikuwa vimebaki kapeti bila ubao. Paneli za nyuma, pembeni mwa kiti kirefu, zilikuwa zimeachana tabaka kwenye ukingo wa chini lakini sehemu kubwa ilikuwa bado ngumu.

Kitu chenyewe ni hadibodi, ule ubao mwembamba tuliouzoea kwenye migongo ya makabati na dari za nyumba za zamani. Unene wake ni kama milimita 3. Ni nyuzi za mti zilizotenganishwa kwa mvuke na kubanwa tena kwa joto kali. Njia hiyo aliivumbua Mmarekani William H. Mason mwaka 1924 huko Laurel, Mississippi, na kinachozishikanisha nyuzi zaidi ni lignini, gundi ya asili iliyomo kwenye mti wenyewe. Hadibodi kavu ni ngumu kweli. Ikinywa maji nyuzi zinavimba, zinaachana, na hata ukiikausha hairudi unene wake wa kwanza. Uso wake laini unavumilia matone. Ukingo uliokatwa na matundu yaliyotobolewa ndipo inapokunywa, na paneli ya mlango ina matundu kila upande.

Nilimwonyesha fundi mmoja wa jirani. Akaangalia kwa sekunde, akasema, "Dada, hapa tunapiga plaiwudi ya milimita sita, tunavalisha leza nyeusi, unasahau." Nilimshukuru nikaendelea na safari mpaka Keko, kwa mafundi sofa. Ukitaka mtu anayejua ubao mwembamba, leza na gundi vikikutana kwenye joto la Dar, Keko ndiko. Huko nikampata mzee mmoja ambaye enzi zake alikuwa akivalisha viti vya mabasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari la nani hili?"

Nikamweleza. Alifungua mlango, hakugusa paneli kabisa; alipitisha kidole chini ya mlango, upande wa nje, kwenye ule ukingo unaotazama barabara. Kidole kikatoka na tope kavu. "Mimi nitakushonea hata kesho, pesa yako nitakula," akasema. "Lakini mwezi wa nne utanirudia. Nenda kayatoe maji kwanza, mwanangu, halafu uje."

Jambo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi ni kwamba maji yanaruhusiwa kuingia ndani ya mlango. Kioo kinapanda na kushuka, kwa hiyo hakiwezi kuzibwa kabisa. Ile raba inayokikwangua kwa nje hupunguza maji tu, na yanayobaki hutiririka kwenye kioo hadi tumboni mwa mlango. Watengenezaji walilijua hilo. Ndiyo maana kuna matundu ya kutolea maji chini kabisa ya mlango, na ndiyo maana kati ya bati la ndani na paneli kuna karatasi ya nailoni. Bati la ndani la mlango lina madirisha makubwa ya kupitishia mkono wa fundi, na maji yanayodunda kwenye mashine ya kioo hurukia kwenye madirisha hayo. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiifikie hadibodi na kuyarudisha chini, yatoke kwenye matundu. Nailoni ikikosekana, paneli inapigwa maji mgongoni kila mvua, na wewe uliyeko ndani huoni chochote mpaka leza ianze kufanya mawimbi.

Sasa, hiyo nailoni ndiyo kitu cha kwanza kinachotupwa. Kitasa kikigoma, fundi anafungua paneli, anaichana nailoni apate nafasi ya mkono, anarekebisha kitasa, anarudisha paneli. Nailoni imebaki chini ya mti. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 50 limefunguliwa milango na mafundi wasiohesabika, na kila mmoja alichukua kipande chake. Katika mlango wa abiria nilikuta mfuko wa rambo umebandikwa kwa gundi ya fundi viatu, ule mweusi wenye mistari, wa enzi zile kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ulikuwa umekauka, ukiukunja unavunjika. Aliyeuweka sitamcheka hata kidogo: katika wote waliougusa mlango ule, yeye peke yake alijua kwamba pale palitakiwa kitu. Mlango wa dereva haukuwa na chochote, na hiyo ndiyo tofauti ya paneli mbili za gari moja lililolala chini ya mti mmoja.

Kufungua paneli ya Beetle ya miaka hiyo si kazi ya kuogopa. Mkono wa kioo una kifuniko cha plastiki katikati. Ukikibandua kwa bisibisi bapa unakuta skrubu. Kipini cha kufungulia kina fremu yake ya plastiki, nayo inaficha skrubu. Sehemu ya kuegemeza mkono inashikwa na skrubu zinazoingia kwenye bati. Baada ya hapo ni klipu tu. Hapa subira inalipa: ingiza kitu bapa na pana kati ya paneli na bati, karibu kabisa na klipu, uisukume klipu yenyewe, usivute ubao. Ukivuta ubao uliolowa, klipu inabaki mlangoni na kipande cha hadibodi. Mimi nilitumia kisu cha kupakia siagi ambacho kilikuwa hakina tena kazi jikoni.

Paneli zilipotoka, nilianza kuyatafuta maji. Njia niliyofundishwa na mzee wa Keko ni poda ya mtoto. Unakausha bati la ndani kabisa, unanyunyiza poda kidogo kwenye kila mshono na kila ukingo wa raba, halafu mtu mmoja anakaa ndani na tochi, vioo vimefungwa. Wa nje anashika mpira wa maji, hauminyi. Anayaacha yatiririke polepole kuanzia chini kwenda juu. Kwanza ukingo wa chini wa mlango, baadaye mstari wa kioo, baadaye raba ya kioo cha mbele, paa mwishoni. Ukianzia paani maji yanalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua yameingilia wapi. Yakipita kwenye poda yanaacha mfereji, na mfereji haudanganyi. Mpwa wangu alikaa ndani akipiga kelele kila alipouona, akifurahia kazi kuliko mimi.

Tuliyoyaona ni haya. Matundu ya chini ya milango yote miwili yalikuwa yamezibwa, moja kwa tope na majani, mengine kwa rangi: zamani gari lilipigwa rangi upya, na fundi alipulizia mpaka matundu yakafunga. Nilipoyazibua kwa spoku ya baiskeli, mlango wa dereva ulikojoa maji meusi mpaka kwenye kandambili zangu, na hapakuwa pamenyesha wiki ile. Maji yalikuwa yamekaa humo ndani, mlango wenyewe ni pipa. Ukiwa na gari la zamani, hata kama huna mpango wa kugusa paneli, chukua spoku leo. Hakuna kazi ya bei rahisi kuliko hiyo kwenye gari zima.

Raba ya kukwangua kioo upande wa dereva ilikuwa ngumu, imekatika katikati. Hiyo inanunuliwa tu. Beetle ina bahati: ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003, kwa hiyo vitu vingi vya mpira bado vinatengenezwa. Kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, hapa Dar, nilipata raba iliyokaribiana, nikakuta ni nene na kioo kinapanda kwa shida. Ile ya kweli niliagiza kwa mtu aliyekuwa anakuja kutoka Uingereza, ikafika imekunjwa ndani ya begi lake la mkononi.

Maji ya vibao vya miguu yalikuwa na chanzo kingine kabisa. Mbele ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna grili ya kuingizia hewa safi ndani ya gari. Chini yake kuna kisanduku kinachopokea hewa pamoja na maji ya mvua, na maji yake hutolewa na mrija wa mpira ulioelekezwa chini. Majani ya mwembe hayawezi kupita kwenye ile grili. Ya mkwaju, kwa udogo wake, yanapita yote. Kisanduku kilikuwa kimejaa mboji iliyokomaa vizuri, unaweza kuotesha mchicha, na mrija ulikuwa umeziba mpaka mwisho. Mvua ikinyesha kisanduku kinafurika, maji yanashukia nyuma ya dashibodi, yanalowesha kile kibao cha karatasi ngumu kinachofunika nyaya kwa upande wa buti ya mbele (injini ya Beetle iko nyuma), kisha yanaishia miguuni mwa abiria. Mjomba alikuwa akiamini kwamba ni raba ya kioo cha mbele, na aliwahi kuibadilisha kwa gharama. Raba ilikuwa nzima.

Nyuma, raba ya kioo cha nyuma ilikuwa imepasuka kwenye kona ya chini, na maji yake yalikuwa yakikusanyika kwenye sehemu ya mizigo nyuma ya kiti, kisha yakiteremka chini ya kiti chenyewe. Hapo nisimame kidogo, kwa sababu kwenye Beetle hapo si suala la paneli tu. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Maji na asidi vikikutana, bati la sakafu linaoza, na Beetle nyingi zina tundu hapo la kupitisha ngumi. Halafu pedi za viti vile ni nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa mpira. Sisi watu wa pwani tunazijua nyuzi hizo: zinabeba maji siku nyingi bila kuonyesha, na zikikauka zinashika moto kwa cheche. Springi za kiti zikiwa zimelegea, mtu mzito akikaa zinaweza kugusa vichwa vya betri. Kiwandani waliweka kifuniko juu ya betri kwa sababu hiyo. Yangu haikuwa nacho. Nilikitengeneza kwa kipande cha mpira mnene kabla sijanunua hata futi moja ya leza, na namshauri kila mwenye Beetle akiinue kiti chake leo aangalie.

Mjomba nilipomweleza kwa simu alinijibu kwa kiburi chake cha kawaida: "Hilo gari limeshinda Safari, wewe unaniambia habari za maji." Si lake lililoshinda, lakini ni kweli Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962, ikiendeshwa na Tommy Fjastad. Sikutaka kumuuliza kama ile ilikuwa na nailoni milangoni.

Baada ya hapo ndipo kazi ya paneli ilipoanza, na ikawa fupi kuliko utafutaji.

Paneli ya zamani haifai kuchorwa moja kwa moja kama imevimba. Ukingo wake umeongezeka, na mpya itakuwa kubwa. Nilichukua boksi la friji, nikaliweka juu ya mlango wenyewe na kukata kigezo kwa kufuata bati. Matundu ya klipu ndiyo yanayowatesa watu, kwa kuwa yakikosea hata milimita chache klipu haiingii, au inaingia na kuuvuta ubao mpaka unapasuka. Dawa yake iko kwenye pochi. Unachomeka klipu zote kwenye matundu ya mlango, unapaka lipstiki kwenye kichwa cha kila klipu, unaweka boksi mahali pake na kulibonyeza. Ukilitoa lina alama nyekundu kila panapotakiwa kutobolewa. Mafundi wa Keko walicheka sana, na baadaye mmoja akaniuliza kama ninayo nyingine ambayo situmii.

Kuhusu ubao gani utumike, kila mtu ana lake, nami nina langu. Plaiwudi ya milimita 6 niliyoshauriwa mwanzo haifai hapa hata kama haiozi haraka. Unene ukizidi, mkono wa kioo haufiki mwisho wa jino lake, skrubu inashika kwa nyuzi chache, klipu hazifiki kwenye bati, na mlango ukifungwa paneli inasuguana na kiti. Plaiwudi ya milimita 3 inakaribia, ila matundu ya klipu yako karibu mno na ukingo na tabaka lake la juu hubanduka hapo. MDF nisingeiweka kwenye gari la mtu ninayempenda. Ikilowa inavimba vibaya. Vijana wa mabango Kariakoo walinionyesha ubao wa PVC, mwepesi, hauli maji kabisa, nikavutiwa. Lakini ubao huo unaanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Februari, paneli inayotazama jua inaufikia ukali huo. Walikuwa pia na vipande vilivyobaki vya alukobondi, lile bati jembamba la alumini lenye plastiki katikati wanalobandika kwenye majengo. Hilo nililichukua kwa vibao vya miguu, mahali ambapo viatu vyenye matope vitagusa siku zote na hapahitaji pini za kushonea. Kwa milango nikarudi kwenye hadibodi ileile ya milimita 3. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha milango miwili na kubaki.

Tofauti iko kwenye vanishi. Kata, toboa matundu yote, piga msasa kingo, halafu ndipo upake, pande zote mbili, na kwenye kingo upake tena na tena mpaka ubao uache kuinywa. Kila tundu lipakwe ndani kwa brashi ndogo au pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Ukipaka kwanza ukatoboa baadaye, umefungua mdomo mpya kwenye kila tundu. Kisha ubao upumzike siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Mzee alikataa kupokea mbao zangu mara ya kwanza. Alizinusa akasema gundi haitashika juu ya vanishi mbichi, nirudi wiki ijayo.

Leza tuliyopata haikuwa ya kiwandani. Ile ya asili ina mistari iliyokandamizwa kwa joto, hakuna uzi. Mzee alinipa uamuzi: ama tuiache paneli tambarare, au ashone mistari kwa uzi wa rangi ileile juu ya sponji nyembamba. Nilichagua kushona, ila kila tundu la sindano ni njia ya unyevu, hivyo alishona leza na sponji peke yake kabla ya kubandika, sindano haikuugusa ubao. Gundi alipaka pande zote mbili, akaiacha ikauke mpaka isishike kidole, ndipo akabandika kuanzia katikati akisukuma hewa kwenda kingoni. Kingo alizikunjia nyuma kwa zaidi ya sentimita 2 na kuzipiga pini fupi. Pini ndefu kwenye ubao wa milimita 3 hutokeza mbele, na utaziona kama vipele. Sehemu ya gundi peke yake hakuiamini. "Gundi hii ni rafiki wa asubuhi," alisema. "Saa nane mchana haikujui."

Vipande vya chuma cheupe vya mapambo vina meno madogo yanayopenya ubao na kukunjwa nyuma. Meno hayo yamechoka. Yanyooshe kidogo kidogo kwa koleo, usiyarudishe mara mbili. Yaliyokatika tuliyashika kwa gundi ya vyuma, na hakuna anayejua isipokuwa wewe unayesoma hapa.

Paneli za nyuma sikuzibadilisha. Ubao ukiwa umeachana tabaka lakini bado haujapukutika, unaweza kuuokoa: ukaushe kivulini, juani utapinda. Ingiza gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji kati ya tabaka kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, weka nailoni juu na chini isigande na meza, kisha ubane kwa jiliwa kati ya mbao mbili zilizonyooka mpaka kesho yake. Baada ya hapo ni vanishi kwenye ukingo. Leza ya zamani ilibaki mahali pake, na ndiyo maana sehemu ya nyuma ya gari bado ina ile harufu ya plastiki ya Kijerumani ambayo mjomba huitaja kila mara.

Nailoni ya milango nilinunua duka la vifaa vya ujenzi, ile nzito wanayotandika chini ya zege. Nikaikata kwa kigezo kilekile cha boksi. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, ukingo wa chini wa nailoni uingizwe ndani ya mlango kupitia uwazi wa chini wa bati la ndani, usiachwe ukining'inia nje. Ukiwa nje, maji yote yanayoteremka juu ya nailoni yanamwagikia kwenye paneli na kazi yote inakuwa bure. La pili ni cha kuibandikia. Silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki, inatoa asidi wakati inakauka, na penye bati tupu inaita kutu. Nilitumia utepe wa mpira mweusi unaonata usiokauka, wa kubandikia vioo, ambao una faida nyingine kubwa: fundi wa kitasa akija anaweza kuibandua nailoni bila kuichana na kuirudisha. Ndani ya paneli niliandika kwa kalamu ya wino mzito: USITUPE NAILONI. Nimeshafunguliwa mlango mara moja tangu hapo, na fundi aliirudisha, ingawa aliniuliza kama nilikuwa nimemwandikia yeye.

Masika ya kwanza imepita. Sakafu ya nyuma kavu, milango inadondosha maji kwa chini kama inavyotakiwa, na ukikaa kimya kwenye foleni mvua ikinyesha unayasikia yakipita ndani ya mlango kwenda zake. Kulikuwa na unyevu mdogo miguuni mwa abiria, tukaufuata kwa poda mpaka kwenye waya wa antena, tundu lake halikuwa na raba. Mjomba alikuja kuliona gari, akapitisha mkono kwenye mistari ya uzi na kusema haikuwa hivyo. Nilimwambia najua. Akauliza redio iko wapi.

Kigezo cha boksi ninacho bado, kimekunjwa nyuma ya kabati, na alama zake za lipstiki. Wenye Beetle wawili watatu wa hapa Dar wameshakuja kukichora, na kila mmoja namwambia asitoboe tundu hata moja kabla ya kupima kwenye mlango wake mwenyewe, kwa sababu mwenzao mmoja alikuta klipu za mlango wake ziko juu kidogo kuliko zangu, na gari lake limetengenezwa mwaka mmoja tu baadaye.